Kabla Hujang'olewa Jino, Kagua Taya Lako

Wanachuo wenzangu, naandika haya wiki chache kabla ya UE. Ni kipindi ambacho watu wanalala saa tatu, wanakunywa kahawa kama maji na wanatembea na madesa mpaka kwenye foleni ya chakula. Ni kipindi hicho hicho ambacho maduka ya dawa ya jirani na hosteli zetu yanauza sana vidonge vya maumivu. Muulize muuzaji wateja wake wanaumwa nini, atakwambia: kichwa, sikio, jino.

Hoja yangu ni fupi. Baadhi ya hivyo vichwa, masikio na meno ni vizima kabisa. Kinachouma ni kiungo cha taya. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kutufundisha kukitambua, tunatibiwa visivyoumwa, tunameza antibayotiki zisizo na kazi, na wengine wetu tunarudi chumbani na pengo la jino ambalo halikuwa na tatizo lolote. Jino la ukubwani likitoka halioti tena. Ndiyo maana nasema jambo hili linastahili nafasi kwenye jarida letu, na linastahili pia nafasi kwenye mipango ya serikali yetu ya wanafunzi.

Niseme mapema: mimi si daktari. Nasoma mawasiliano ya umma, nimeuliza watu wanaojua na nimesoma. Ninachokiandika hapa ni cha kukusaidia ujue uende wapi na useme nini ukifika. Usikitumie kujitibu.

Tuanze na kiungo chenyewe. Weka ncha ya kidole kila upande mbele ya sikio, karibu kabisa na tundu, kisha fungua mdomo taratibu na uufunge. Kuna kitu kinacheza chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, kinavyozunguka ndani ya kishimo cha mfupa wa fuvu. Katikati ya mifupa hiyo miwili kuna kipande chembamba cha gegedu kinachofanya kazi kama mto. Mdomo unapoanza kufunguka, kiungo kinazunguka kama bawaba ya mlango. Ukiendelea kufungua, kinateleza pia kwenda mbele. Viungo vya namna hiyo ni vichache mwilini. Tena viko viwili, kulia na kushoto, na vyote vimeshikana na mfupa mmoja. Huwezi kuchezesha kimoja ukaacha kingine, hivyo upande mmoja ukiharibika, wa pili nao unabeba mzigo.

Viungo hivyo vinaendeshwa na misuli yenye nguvu. Mmoja unausikia shavuni ukibana meno. Mwingine umetandaza kama upepeo pembeni mwa kichwa, juu ya sikio. Sasa, misuli hii, kiungo chenyewe, meno yote na sehemu ya ngozi ya sikio vinahudumiwa na matawi ya neva moja kubwa ya uso. Ubongo unapopokea taarifa ya maumivu kupitia njia hiyo, mara nyingi haujui vizuri yametoka wapi. Ndiyo maana mtu mwenye tatizo la taya anaapa kwamba ni sikio, mwingine anakuonyesha jino kwa kidole, na wa tatu anasema ana kipandauso. Wala hawadanganyi. Wanasema kile wanachokihisi.

Mkanganyiko huu ni wa zamani. Mwaka 1934 daktari mmoja wa Marekani aliyeitwa James Costen alieleza kundi la wagonjwa wenye maumivu na matatizo ya masikio ambayo yeye aliyahusisha na kiungo cha taya. Costen hakuwa daktari wa meno. Alikuwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu huko ndiko wagonjwa hao walikokuwa wanakwenda. Maelezo yake kuhusu chanzo, kwamba yote yanatokana na meno kung'oka na taya kufunga kupita kiasi, yalikuja kuachwa baadaye. Lakini alichokiona kuhusu sikio kinatokea mpaka leo, hapa hapa Nyegezi.

Nina ushahidi wa karibu. Mwenzangu wa chumba, mwaka wa pili, alianza kulalamika sikio la kushoto mwezi mmoja kabla ya mitihani. Duka la dawa la kwanza likampa dawa ya matone. Baada ya wiki akapewa antibayotiki. Sikio halikuwa na usaha, hakuwa na homa, na alikuwa anasikia vizuri tu. Maumivu yakaendelea, hasa asubuhi na wakati wa kula. Mtu fulani kwenye zahanati moja, ambayo sitaitaja, akamwambia ni gego la juu, akaling'oa. Halikuwa limetoboka. Wiki mbili baadaye maumivu yalikuwa palepale. Alipofika kwa daktari wa kinywa na meno katika hospitali kubwa, yule daktari kabla ya kugusa jino lolote alimwambia, "Hebu fungua mdomo mpaka mwisho." Haukufika mwisho. Taya lilikuwa linakwenda upande wa kushoto na kukwama. Kipimo chenyewe hakikuchukua hata dakika mbili na hakikuhitaji mashine yoyote.

Kwa hiyo dalili ni zipi? Ya kwanza ni maumivu ya taya lenyewe, ya shavu, ya mbele ya sikio au ya pembeni mwa kichwa, ambayo yanabadilika ukitumia taya. Neno la kushika hapo ni "yanabadilika". Sikio lenye maambukizi linauma hata ukiwa umekaa kimya. Maumivu ya taya kwa kawaida yanazidi ukitafuna, ukipiga miayo, ukiongea sana au ukibana meno. Ya pili ni mdomo kutofunguka vizuri. Ya tatu ni taya kukwama, ama likiwa limefunga ama likiwa wazi, hata kama ni kwa sekunde chache. Ya nne ni kuamka asubuhi misuli ya mashavu ikiwa imechoka na kukakamaa kama umetafuna usiku kucha. Kwa wengi hiyo ina maana kwamba wanasaga au wanabana meno usingizini. Mwenzako wa kitanda cha juu anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko wewe mwenyewe. Ya tano ni mlio wa "ta" au mkwaruzo kama wa mchanga kila ukifungua mdomo, pamoja na maumivu au kukwama.

Nimesema "pamoja na" makusudi. Watu wengi sana taya zao zinalia na hawaumwi chochote. Mlio peke yake, bila maumivu na bila kukwama, kwa kawaida hauhitaji matibabu. Sitaki baada ya kusoma makala hii hosteli nzima ianze kufungua midomo mbele ya kioo na kuogopa.

Ukitaka kujikagua, kuna njia mbili rahisi. Ya kwanza ni vidole. Panga vidole vitatu vya mkono wako, cha shahada, cha kati na cha pete, viwe vimesimama kimoja juu ya kingine, na ujaribu kuviingiza katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Watu wazima wengi wanafungua milimita 40 au zaidi, na vidole vitatu vinaingia. Vikiingia viwili tu, na zamani ilikuwa haiko hivyo, kuna jambo la kupeleka kwa daktari. Ya pili ni kioo. Fungua polepole uangalie kama kidevu kinashuka moja kwa moja au kinakwenda pembeni.

Halafu kuna maswali matatu. Nchini Uswidi, katika mkoa wa Västerbotten, tangu mwaka 2010 watu wanaokwenda kukaguliwa meno wanaulizwa maswali haya: Je, unapata maumivu ya pembeni mwa kichwa, uso, taya au kiungo cha taya mara moja kwa wiki au zaidi? Je, unapata maumivu ukifungua mdomo au ukitafuna, mara moja kwa wiki au zaidi? Je, taya lako linakwama mara moja kwa wiki au zaidi? Basi. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, unakaguliwa zaidi. Maswali matatu yanaandikika kwenye karatasi ndogo kuliko tiketi ya basi. Sioni sababu ya sisi kushindwa kuyauliza hapa.

Lakini kuna upande wa pili ambao usipozingatiwa makala hii itakuwa na madhara. Si kila taya linaloshindwa kufunguka lina tatizo la kiungo. Umri wetu huu, kati ya miaka 17 na 25, ndio ambao magego ya mwisho yanaota. Likikosa nafasi, fizi juu yake inavimba na kupata maambukizi, na mdomo unagoma kufunguka. Hapo utaona uvimbe, usaha, harufu, pengine homa, na inabidi utibiwe haraka. Ukishindwa kumeza mate au kupumua vizuri, hiyo ni dharura ya usiku huo huo. Taya kukaza siku kadhaa baada ya kuchomwa na msumari au kupata kidonda kichafu inaweza kuwa pepopunda, ambayo mara nyingi huanza kwenye taya. Hapo usisubiri kesho. Ukianguka na bodaboda ukapiga kidevu, halafu ukaona meno hayakutani kama zamani, mfupa unaweza kuwa umevunjika karibu kabisa na kiungo. Madaktari wa Bugando walichapisha mwaka 2011 utafiti wao kuhusu majeraha ya uso na mataya, na ajali za barabarani ndizo zilizoongoza. Na mzazi au mtu mwenye umri mkubwa akikwambia taya linamuuma huku kifua kinambana na anatoka jasho, hiyo inaweza kuwa shida ya moyo. Mpeleke hospitali.

Sisi wa ukanda wa ziwa tuna sababu nyingine ya kutochukulia uvimbe wa taya kirahisi. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa anafanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe uliokuwa unakua kwa kasi kwenye mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ndefu kwa gari kupitia nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali, ili wajue ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupo. Waligundua kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, na mwambao wetu ni mmoja wapo. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake, na watoto wanatibiwa Bugando. Wakiwahishwa, dawa zinafanya kazi vizuri. Kwa hiyo ukienda likizo Sengerema, Ukerewe au Magu ukamkuta mdogo wako taya limevimba na meno yanalegea, usiseme "ni jino tu". Mpeleke. Matatizo ya kiungo ninayoyazungumzia kwa kawaida hayaleti uvimbe unaokua.

Turudi kwetu. Kwa nini sisi? Maumivu ya kiungo cha taya na misuli yake huonekana zaidi kwa watu wa miaka 20 hadi 40, na wanawake wanayapata zaidi ya wanaume. Yanahusiana na msongo wa mawazo, usingizi mbovu, kubana na kusaga meno, na kuumia kidevu. Sasa jiangalie uko wapi. Bumu limechelewa, sapu inakungoja, mwingine ana hofu ya kudisco, unalala geto la watu wanne. Ukisoma unabana meno bila kujua. Ukichoka unaegemeza kidevu kwenye kiganja saa nzima. Ukiwa na njaa unatafuna bigijii ili uidanganye njaa. Na kuna wale mashujaa wetu wa kufungua vizibo vya soda kwa magego. Jamani, acheni.

Najua atatokea mtu wa kusema haya ni magonjwa ya watu wenye nafasi. Sisi tuna malaria, tuna kichocho cha ziwa letu wenyewe, nani ana muda wa taya? Namuelewa. Lakini hoja yake inanisaidia mimi. Penye uhaba wa hela na madaktari ndipo kutambua dalili mapema kunapolipa zaidi. Mwenzangu alilipia matone, akalipia antibayotiki, akalipia kung'olewa, na gharama iliyomsaidia ilikuwa ndogo kuliko zote: kukaguliwa na kuelezwa. Mwenye hela anaweza kukosea mara tatu. Mwanafunzi anayeishi kwa bumu hawezi.

Pia nisieleweke vibaya kuhusu wanaong'oa meno. Kwa miaka mingi, shirika la Bridge2Aid kutoka Uingereza, lililofanya kazi zake hapa Mwanza, liliwafundisha matabibu wa vijijini kung'oa meno kwa usalama, kwa sababu daktari wa meno yuko mbali na mgonjwa anaumia leo. Ile ni kazi ya heshima. Jino lililooza mpaka kwenye mzizi, lenye usaha, kulitoa kunaokoa maisha. Ninachokipinga ni mazoea yaliyojengeka vichwani mwetu sisi wagonjwa, kwamba maumivu yoyote ya usoni dawa yake ni koleo. Mara nyingi sisi ndio tunaoingia na kusema, "Dokta, ng'oa tu." Tubadilishe sentensi hiyo. Tuseme, "Dokta, naomba ukague na taya."

Ukishaambiwa kweli ni taya, matibabu ya mwanzo ni ya kawaida mno hata utashangaa. Wagonjwa wengi wanapata nafuu ndani ya wiki au miezi bila upasuaji. Unapumzisha taya: kwa wiki mbili tatu, acha miwa, mahindi ya kuchoma, karanga ngumu na bigijii. Kula ugali laini na mchuzi wa sato, wali, ndizi za kupika, uji. Kata chakula vipande vidogo. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu shavuni dakika kumi au kumi na tano, mara kadhaa kwa siku. Ukipiga miayo, zuia kidevu kwa ngumi kisifunguke sana. Jifunze mkao wa taya lililopumzika: midomo imefungwa, meno ya juu na ya chini hayagusani, ulimi umetulia. Meno yanatakiwa yagusane wakati wa kutafuna na kumeza, na baada ya hapo yaachane. Bandika karatasi juu ya meza yako ya kusomea: "Achanisha meno". Dawa ya maumivu daktari atakupangia, hasa kama una vidonda vya tumbo, maana baadhi ya hizo dawa zinavichokoza. Wanaosaga meno usiku wanaweza kutengenezewa kinga ya kuvaa wakiwa wamelala. Taya likichomoka na kubaki wazi, nenda hospitali, na usimruhusu rafiki yako alipige kofi eti lirudi.

Ushauri mmoja wa wataalamu naomba uushike kuliko yote: anza na tiba zinazoweza kurudishwa nyuma. Kitambaa cha maji moto kisipofaa unakiacha. Jino lililong'olewa, jino lililosagwa ili "lipange taya", au upasuaji wa haraka, huwezi kuviacha. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa meno na uso inawaambia wagonjwa wake jambo hilo hilo, waepuke kadiri wawezavyo tiba zinazobadilisha meno au taya moja kwa moja.

Mwisho, nina maombi matatu kwa viongozi wetu. Waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi apeleke yale maswali matatu kwenye zahanati ya chuo, yaongezwe kwenye fomu ya uchunguzi wa mwaka wa kwanza. Hayana gharama zaidi ya wino. Pili, zahanati iombwe kwamba mwanafunzi akija na maumivu ya sikio lisilo na usaha wala homa, afunguliwe mdomo na kupimwa kwa vidole kabla ya kuandikiwa antibayotiki. Tatu, wenzetu wanaosoma udaktari pale Bugando waalikwe siku moja Malimbe, wiki ya kwanza ya muhula, watufundishe namna ya kujikagua. Wao watapata mazoezi, sisi tutapata elimu.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, ombi ni moja. Mtu wa chumbani kwako akisema sikio linamuuma akila, mwambie apange vidole vitatu. Vikigoma kuingia, msindikize hospitali kesho asubuhi, na mkifika mwanzeni na taya kabla ya jino.